Desima ya Kihispania: namna ya kuisoma, kuitunga na kulumbana kwayo

Aliyezoea kutunga tenzi anaingia kwenye desima akiwa na mtaji. Mshororo wa utenzi una mizani 8, na mshororo wa desima una mizani 8. Hata shairi la kawaida ukilipasua katikati, ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) ni mizani 8 na utao (nusu ya pili) ni mizani 8. Kazi mpya iko kwenye vina na kwenye viungo vya ubeti: mishororo 10, vina 4, kwa mpangilio usiobadilika wa ABBAACCDDC. Umbo hili huitwa pia espinela, na ni miongoni mwa beti za Hispania zilizosafiri mbali zaidi, mara nyingi midomoni mwa watu ambao hawakuwahi kufungua kitabu cha mashairi.

Nitaeleza kwa ufupi ilikotoka, tutasoma moja ya Kihispania kwa kuihesabu silabi kwa silabi, kisha tutatunga ya Kiswahili tangu mshororo wa mwisho hadi wa kwanza. Ndiyo, kuanzia mwisho. Sababu utaiona.

Ilikotoka

Jina espinela linatokana na Vicente Espinel, padri, mwanamuziki na mshairi aliyezaliwa Ronda, kusini mwa Hispania, mwaka 1550 na kufariki Madrid mwaka 1624. Beti zake za namna hii zilichapishwa mwaka 1591 katika diwani iitwayo *Diversas rimas*. Beti za mishororo 10 zilikuwapo kabla yake, lakini nyingi zilikuwa beti mbili za mishororo mitano zilizounganishwa, kila upande una vina vyake na hauna habari na mwenzake. Watafiti wameonyesha pia kwamba Juan de Mal Lara wa Sevilla, aliyefariki 1571, alishalitumia umbo lenyewe. Lakini aliyevuma ni Espinel, hasa kwa sababu Lope de Vega, mtunzi mashuhuri wa tamthilia aliyemwita mwalimu wake, alilisifu jina lake kila alipopata nafasi.

Lope huyohuyo alituachia mwongozo wa matumizi. Mwaka 1609, katika shairi lake la kufundisha namna mpya ya kuandika tamthilia, aliigawia kila bahari, yaani aina ya shairi, kazi yake: mapenzi yapelekwe kwenye redondiya, yaani ubeti wa mishororo minne wenye vina ABBA, mambo mazito yapewe beti za mishororo mitatu, masimulizi yaende kwenye romansi, yaani shairi la kusimulia la Kihispania, anayesubiri jambo aseme kwa soneti, shairi la mishororo 14. Desima akazipa malalamiko. Ushauri huo una miaka zaidi ya 400 na bado ni mzuri kwa anayeanza. Ukikosa la kutungia, tafuta jambo linalokukera.

Hatua ya kwanza: hesabu kama Mhispania

Usiruke hatua hii hata kama huna nia ya kutunga kwa Kihispania. Ukisoma desima za wenyewe kwa hesabu ya Kiswahili utadhani wamekosea kila mshororo wa pili.

Mfano wetu ni wa Calderón de la Barca, kutoka tamthilia ya *La vida es sueño* iliyochapishwa mwaka 1636. Anayesema ni Segismundo, mwana wa mfalme wa Poland, aliyefungwa mnarani tangu utotoni kwa sababu baba yake aliogopa utabiri wa nyota. Amepelekwa ikulu kwa siku moja akiwa amenyweshwa dawa ya usingizi, kisha amerudishwa kwenye minyororo na kuambiwa kwamba yote aliyoyaona ilikuwa ndoto.

Yo sueño que estoy aquí, (A)
destas prisiones cargado, (B)
y soñé que en otro estado (B)
más lisonjero me vi. (A)
¿Qué es la vida? Un frenesí. (A)
¿Qué es la vida? Una ilusión, (C)
una sombra, una ficción, (C)
y el mayor bien es pequeño, (D)
que toda la vida es sueño, (D)
y los sueños, sueños son. (C)

Anasema: naota kwamba niko hapa nimelemewa na vifungo hivi, na niliota nikajiona katika hali nyingine iliyo njema zaidi. Maisha ni nini? Ni wazimu. Maisha ni nini? Ni njozi, ni kivuli, ni jambo la kubuni, na heri kubwa kuliko zote ni ndogo. Kwa maana maisha yote ni ndoto, na ndoto ni ndoto tu.

Sasa hesabu. Mshororo wa tatu ukiuandika kwa vipande unakuwa hivi: y / so / ñé / que en / o / tro es / ta / do. Ni mizani 8. Angalia "que en" na "tro es": neno likiishia irabu na linalofuata likianza na irabu, irabu hizo huingia katika mizani moja. Wahispania huita jambo hilo sinalefa, na asiyelijua hawezi kuhesabu hata mshororo mmoja wa Calderón.

Mshororo wa kwanza: Yo / sue / ño / que es / toy / a / quí. Ni 7. Lakini mkazo uko kwenye silabi ya mwisho kabisa, na kanuni yao ni kwamba mkazo ukiangukia mwisho unaongeza 1, jumla 8. Ukiangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama *cargado*, hesabu inabaki ilivyo. Ukiangukia ya tatu kutoka mwisho, unapunguza 1. Kinachopimwa, kwa maneno mengine, ni mahali mkazo wa mwisho unapotua: siku zote ni mizani ya 7.

Kwa Kiswahili mambo haya mawili hayatusumbui. Mkazo wetu, isipokuwa kwenye maneno machache, hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mshororo wetu wa mizani 8 unatua kwenye mizani ya 7 wenyewe, bila kuambiwa. Na sinalefa hatuna: kila irabu inahesabiwa. "Leo hii" ni mizani 4. Cha kuangalia ni ile *m* inayosimama peke yake: "mvua" ni mizani 3 na "mtoto" ni 3, lakini "mbali" ni 2 na "mwali" ni 2. Malenga wa pwani wanalijua hili bila kufikiri. Wengi waliojifunza ushairi shuleni hukosea hapahapa.

Hatua ya pili: kaza vina

Katika desima ya Kihispania, kina kinaanzia kwenye irabu yenye mkazo na kuchukua kila kitu kinachofuata. *Cargado* na *estado* vinafanana kuanzia -ado. Kufanana kwa silabi ya mwisho peke yake hakutoshi.

Ushairi wetu wa kimapokeo unaridhika na silabi moja ya mwisho, na kwa tarbia, shairi la beti za mishororo minne, inatosha, kwa sababu kina kilekile kinarudi mshororo baada ya mshororo hadi sikio linakariri. Kwenye desima kina A kinasikika mara moja, kinapotea kwa mishororo miwili, ndipo kinarudi. Silabi moja pekee itakuwa imeshasahauliwa. Ndiyo maana nashauri ukaze: chukua irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho pamoja na silabi ya mwisho. "Mali" iende na "mbali", isiende na "mbili". Kuna watakaosema najitia minyororo ya bure, lakini soma desima mbili kwa sauti, moja ya silabi moja na moja ya silabi mbili, uone ipi inayosimama.

Hatua ya tatu: jua viungo

Hapa ndipo desima inapotengana na beti nyingine za mishororo 10, na hapa ndipo wanaoanza huanguka.

Mishororo minne ya kwanza, ABBA, ni redondiya kamili. Inaweka jambo mezani: nani, wapi, kuna nini. Mwisho wa mshororo wa 4 lazima pawe na kituo, nukta au nukta mkato. Sentensi ikivuka kutoka mshororo wa 4 kwenda wa 5 bila kupumua, espinela imevunjika, hata kama vina vyote vimekaa sawa.

Mishororo minne ya mwisho, CDDC, ni redondiya ya pili. Inapiga.

Katikati pana mishororo ya 5 na ya 6, ambayo Wahispania huiita daraja. Mshororo wa 5 unabeba kina A cha nyuma, na wa 6 unafungua kina C cha mbele. Lakini maana haifanyi hivyo: kwa maana, wote wawili wanatazama mbele. Kina kinakuvuta nyuma wakati sentensi inakusukuma mbele, na msikilizaji anahisi kwamba jambo linageuka kabla hajajua linageukia wapi. Rudi kwa Segismundo. Amemaliza kueleza hali yake kwenye "me vi", kituo. Kisha "¿Qué es la vida? Un frenesí", kina kilekile cha -í, lakini tayari ameacha habari ya minyororo yake na ameanza kuuliza habari ya maisha ya watu wote. Mshororo wa 6 unarudia swali lilelile kwa kina kipya. Ukielewa mishororo hiyo miwili, umeielewa desima. Mingine minane ni hesabu.

Hatua ya nne: anzia mwisho

Watungaji wa papo kwa papo wa Kuba, ambao huko huitwa repentista, hutafuta kwanza mshororo wa 10. Sababu ni ya kikazi. Mshororo wa mwisho ndio unaobaki kichwani mwa msikilizaji, na pia ndio unaoamua kina C, kinachohitajika mara tatu. Ukiuacha uje wenyewe baada ya kutunga tisa, utakuta kina C kimeshakufunga mikono na umebaki kutafuta neno lolote linaloenea.

Tufanye kazi hiyo sasa. Lalamiko letu: mtu alikopa, na sasa anakwepa. Tunataka kauli ya kumalizia, fupi, ya mizani 8:

deni lako halilali

De / ni / la / ko / ha / li / la / li. Nane. Kina C ni -ali.

Kabla ya kuandika mshororo mwingine wowote, fungua ghala la kina hicho: mali, mbali, hali, swali, kali, ajali, kubali, mwali, wali, asali. Futa yasiyohusiana na jambo lako. Asali na wali havina kazi kwenye deni. Tunahitaji mawili tu, kwa mishororo ya 6 na 7, na yawe ya aina tofauti za maneno, kwa kuwa vina vya aina moja (vitenzi vitatu, vimilikishi vitatu) husikika vya kuokota njiani.

Mishororo ya 8 na ya 9, yenye kina D, kazi yake ni kuandaa pigo. Kama pigo linasema deni halilali, basi mdaiwa ndiye alale:

Jifungie humo ndani,
lala pono kitandani:
deni lako halilali.

Kwenye mshororo wa 9 mkono ungependa kuandika "lala fofofo kitandani". Hesabu: ni 9. "Lala pono" inaokoa mizani moja na pia inaleta picha iliyokolea zaidi.

Sasa daraja. Linatakiwa ligeuze kutoka zamani (alipokopa) kuja sasa (anapokwepa). Mshororo wa 6: "ukiniona kwa mbali". Kwa mshororo wa 7, "wanipita bila swali" ina mizani 8 na kina chake ni halali, lakini haina picha. "Hujificha kama mwali" inayo: msikilizaji anamwona mwanamume mzima mwenye ndevu amejifungia ndani kama binti aliyewekwa unyagoni.

Zimebaki redondiya ya kwanza na mshororo wa 5, na hapa kazi ni nyepesi kwa sababu unajua unakokwenda. Desima nzima ni hii:

Ulibisha hodi kwangu
usiku wenye mvua,
shida zikikusumbua,
nikatoa fedha zangu.
Leo hii, ndugu yangu,
ukiniona kwa mbali
hujificha kama mwali.
Jifungie humo ndani,
lala pono kitandani:
deni lako halilali.

Tazama kituo baada ya "zangu", na tazama "Leo hii" inavyogeuza wakati ikiwa bado imeshika kina cha -angu. Vina vya vimilikishi ni vyepesi, mtu mkali atanyooshea kidole kwangu-zangu-yangu, na atakuwa na haki yake. Nimeviacha kwa kuwa redondiya ya kwanza inastahimili vina vyepesi kuliko ya pili. Nguvu zako zitunze kwa C na D.

Hatua ya tano: kagua kwa mdomo

Isome kwa sauti huku ukigonga meza kwenye kila mizani. Macho husamehe, kidole hakisamehi. Kisha jiulize mambo mawili tu. Je, ningeweza kufuta mishororo ya 8 na 9 bila pigo kupungua? Kama ndiyo, ni vijazo, andika upya. Je, mshororo wa 5 ungeweza kusimama ndani ya redondiya ya kwanza? Kama ndiyo, daraja halijajengwa, umerefusha tu ulichokwisha kusema.

Kutoka ubeti mmoja hadi shairi: glosa

Desima moja inajitosheleza. Ukitaka shairi refu, njia ya kimapokeo ni glosa, na msomaji aliyewahi kusoma takhmisa ataielewa mara moja. Kwenye takhmisa mtunzi huchukua mishororo ya mwenzake na kuitangulizia ya kwake. Kwenye glosa unachukua ubeti wa mishororo 4, wa kwako au wa mwingine, kisha unatunga desima 4, kila moja ikiishia kwa mshororo mmoja wa ubeti ule kwa zamu yake. Ubeti na desima zake ni mishororo 44.

Kwa kuwa desima yetu inaishia "deni lako halilali", tuufanye mshororo huo uwe wa kwanza wa redondiya:

Deni lako halilali
hata ukizima taa;
mlangoni limekaa,
lakungoja, halijali.

Desima ya kwanza tunayo. Ya pili lazima iishie "hata ukizima taa", kwa hiyo kina C chake ni -aa. Ghala la -aa ni tajiri: njaa, mtaa, saa, dagaa, balaa, shujaa, kataa. Nimechagua njaa na mtaa:

Nikikupigia simu
huipokea mtoto,
asema u kwenye ndoto,
au uko kwa hakimu.
Ndugu, fedha ni muhimu:
wanangu walala njaa,
wewe watamba mtaa.
Kila upitapo kona
deni hilo lakuona
hata ukizima taa.

Safari hii daraja limepita njia nyingine. Desima ya kwanza iligeuza wakati, hii imegeuza nyumba: kutoka kwa mdaiwa na mtoto wake aliyefundishwa uongo, kwenda kwa mdai na watoto wake wenye njaa. Usitumie mgeuko mmoja kwenye desima zote nne. Msikilizaji ataubaini kwenye ya tatu.

Wachile huongeza desima ya tano ya kuaga. Ushairi wao wa kuimba, ambao huugawa katika mambo ya Mungu na mambo ya wanadamu, huambatana na gitaa kubwa lenye nyuzi 25. Pwani ya Esmeraldas huko Ekuador, kwa watu wenye asili ya Afrika, neno desima lina maana ya shairi zima la mishororo 44, nalo hughanwa bila kuimbwa. Ukisikia mtu wa Esmeraldas anasema anajua desima thelathini, usidhani ni beti thelathini.

Kulumbana

Umbo hili lilipofika Amerika likatoka kwenye vitabu likaingia vilabuni, mashambani na kwenye sherehe za watakatifu. Kila nchi imempa mtungaji jina lake: repentista Kuba, desimista Peru, payadori Argentina na Uruguay. Mchezo ni uleule ambao Mombasa ya malenga Muyaka ingeutambua: watu wawili, jambo moja, zamu kwa zamu, na hadhira ndiyo hakimu. Tofauti ni kwamba hapa jibu hutungwa papo hapo, huku gitaa linalia.

Malumbano yanayotajwa zaidi Kuba ni ya mwaka 1955, kati ya Jesús Orta Ruiz, aliyejulikana kwa lakabu ya Indio Naborí, na Ángel Valiente. Wacuba waliyaita malumbano ya karne. Argentina huadhimisha Siku ya Payadori kila Julai 23, kwa kumbukumbu ya siku hiyo mwaka 1884 ambapo Gabino Ezeiza, Mwargentina mwenye asili ya Afrika, alilumbana na Juan Nava wa Uruguay mjini Paysandú. Zama zile mapayadori walitumia beti za aina nyingi. Leo desima ndiyo iliyotawala. Meksiko, kwenye milima ya Sierra Gorda, makundi mawili hukaa juu ya majukwaa yanayotazamana na kupambana tangu jioni hadi jua linachomoza, wachezaji wakicheza katikati. Peru ilikuwa na Nicomedes Santa Cruz (1925–1992), mfua vyuma wa Lima aliyeacha nyundo akawa sauti ya Waperu weusi, na glosa ndiyo iliyokuwa silaha yake. Kwenye redio ya Kuba ya miaka ya 1940, Joseíto Fernández aliimba habari za matukio ya siku kwa desima kwenye lahani ya "Guantanamera"; yaani taarifa ya habari yenye vina. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza punto wa Kuba, muziki unaobeba desima za wakulima, katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Muziki huo umeota mizizi pia katika Visiwa vya Canary, ulikorudi na wahamiaji waliokwenda Kuba kutafuta maisha.

Ukitaka kulumbana na mwenzako, zingatieni haya. Kila mmoja anapewa desima moja kwa zamu, asizidishe. Anayejibu ashike kitu kutoka mishororo miwili ya mwisho ya mwenzake, neno au picha, na akigeuze. Asipofanya hivyo, mnatunga sambamba, hamlumbani. Na pigo lisitolewe mapema. Mwenye haraka huweka kauli yake kali kwenye mshororo wa 7, kisha anabaki na mitatu ya kuburuta.

Kuna pia mchezo wa mshororo wa kulazimishwa, unaopendwa sana Puerto Rico na Kuba. Mtu katika hadhira anatoa mshororo mmoja wa mizani 8, na mtungaji lazima atunge desima itakayoishia hapo. Ukipewa, fanya hivi: hakikisha kwanza ni mizani 8 kweli, maana wapo wanaotoa mshororo wenye kasoro kwa makusudi. Kisha chukua kina chake na utafute maneno mawili kwa mishororo ya 6 na 7. Vina A, B na D ni vya kwako, kwa hiyo vichague vile ambavyo ghala lake halikuishii: -ani, -ana, -eni, -oni. Redondiya ya kwanza ianze kwa jambo la mbali kabisa na mshororo uliopewa. Hadhira inajua mwisho. Raha yao ni kutazama utafikaje.

Anayeimba ana nafuu moja ambayo anayeandika hana. Kwenye punto, ala huingia kati ya vipande vya ubeti, na mwimbaji hutumia mwanya huo kutafuta kinachofuata. Ukifanya mazoezi bila gitaa, jipe mwanya huohuo baada ya mshororo wa 4, pale kwenye kituo.

Zoezi

Glosa yetu imebakiza desima mbili. Ya tatu iishie "mlangoni limekaa" na ya nne "lakungoja, halijali". Ya tatu inarudia kina -aa, lakini usichukue tena njaa na mtaa. Glosa inayorudia neno la kina inaonekana maskini. Ya nne inarudi kwenye -ali, na mbali na mwali vimeshatumika, kwa hiyo umebakiwa na mali, hali, swali, kali, ajali na kubali. Ningeanza na "ajali".